Kumwagilia bustani ya nyumbani kwa matone na kipima unyevu

Maji mengi tunayoyatumia Unguja na Pemba, yawe ya mfereji au ya kisima, hutoka chini ya ardhi, na hazina hiyo hujazwa na mvua, hasa za masika na vuli. Katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani, kisima kikivutwa kupita kiasi huanza kutoa maji ya chumvi. Kwa hiyo kila ndoo inayomwagwa bure uani wakati wa kaskazi inatugusa sote, na vifaa vya kuizuia si vya mahoteli peke yao.

Kabla ya kununua chochote, ujue udongo wako. Kinongo, yaani udongo mwekundu, hushika maji, hivyo hufaa kumwagiliwa kwa muda mrefu baada ya siku kadhaa. Uwanda, yaani udongo mwembamba wa penye mawe ya matumbawe, na kichanga huyapitisha upesi, na huko ni bora kutoa maji kidogo mara kwa mara. Mwaga ndoo moja mahali pamoja, kisha siku ya pili uchimbe uone unyevu umefika wapi.

Hatua inayofuata ni mipira ya matone, ambayo hupeleka maji kwenye shina kupitia vitundu vidogo viitwavyo vitoa matone, badala ya kuyarusha hewani. Wengi wetu tuna tangi lililoinuliwa kidogo tu, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu kila mita 10 za kimo hutoa takriban baa 1 ya presha, ilhali vitoa matone vinavyojirekebisha kwa presha, pamoja na vali nyingi za umeme, huhitaji presha kubwa kuliko inayopatikana kwenye tangi la mita mbili. Agiza vitoa matone vya presha ndogo, na saa ya kumwagilia ya betri, yaani kifaa kinachofungua na kufunga maji kwa ratiba, ambayo koki yake huzungushwa na mota, kwa kuwa hiyo hufunguka hata pasipo presha. Betri ina faida nyingine, kwani umeme ukikatika ratiba haivurugiki. Usisahau chujio mwanzoni mwa mpira. Maji yanayopita kwenye mawe ya chokaa huacha ukoko mweupe unaoziba matundu, nao huyeyuka vitoa matone vikilowekwa ndani ya siki.

Kipima unyevu ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Utabiri wa hali ya hewa unaoletwa na programu ya simu huzungumzia eneo kubwa, na mvua inaweza kunyesha Kizimbani pasidondoke hata tone Makunduchi, lakini kipima unyevu husema habari za mizizi ya mimea yako mwenyewe. Chagua kile ambacho chuma chake hakigusi udongo moja kwa moja, maana chuma kilicho wazi huliwa na kutu haraka, hasa penye chumvi. Kizike kwenye kina cha mizizi, yaani sentimita 10 hadi 15 kwa mchicha na kama 30 kwa mlimao, kando kidogo ya kitoa matone wala si chini yake, kisha uandike namba inayosomeka udongo ukiwa mkavu na ile ya udongo ulioshiba. Kati ya namba hizo mbili weka kiwango, na udongo ukiwa na unyevu zaidi ya hapo maji yasifunguliwe. Kama saa yako haiunganiki na kipima unyevu, soma mwenyewe jioni na uizime inapobidi. Faida itabaki ileile.

Panga maji yafunguliwe alfajiri, kabla ya jua na upepo kuyakausha, na ufunike udongo kwa makumbi au majani makavu. Ikiwa kisima chako kina chumvi kidogo, matone huisukuma hadi ukingoni mwa sehemu iliyolowa, kwa hiyo masika yakichelewa loweka bustani kwa wingi mara moja ili ishuke chini ya mizizi.

Mwisho, kinga chombo kinachoingia zaidi ya lita 1 chini ya kitoa matone kimoja kwa dakika 30. Vitoa matone 20 vya lita 2 kwa saa vinapaswa kutumia lita 20 kwa muda huo, ingawa tangi la chini huenda likatoa pungufu. Zidisha ulichokipata kwa idadi ya vitoa matone, ulinganishe na kushuka kwa maji tangini: yakishuka zaidi, tafuta mpira unaovuja, yakishuka kidogo kuliko hesabu, baadhi ya matundu yameziba.