Kabla hujainua ka-Sierra kako

Kama uko Mombasa na una Suzuki Sierra ya zamani unataka kuiinua uitie tairi kubwa, wiki nzima kabla ya kwenda kwa fundi anza kumwagia bolti za springi oili ya kulegeza kutu kila jioni, maanake hewa ya bahari hii imeshazila, ukienda kavu kavu zitakatika tu na hapo kazi ya asubuhi inafika magharibi. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi, usirudishe za zamani, zikishavutwa mara moja basi, nunua mpya na uzikaze tena ukishatembea siku kadhaa.

Sasa hapa ndipo mafundi wengi wanapofanya haraka: bolti zinazopita kwenye bushi, zile raba za kwenye ncha za springi, kaza mwisho kabisa gari ikiwa imesimama kwa tairi zake, sio ikiwa juu ya jeki, ukikazia juu ile raba inabaki imejipinda na bushi zinakufa mapema. Halafu shusha ekseli mpaka chini uangalie paipu za mpira za breki, zikivutika tia ndefu, usikubali kuambiwa "zitafika tu".

Tairi nazo, ukitoka saizi ya 205/70R15 ukaenda 235/75R15 iliyo kubwa zaidi saa ya spidi inadanganya, ikisoma 80 wewe uko karibu 88, kwa hivyo pole pole ukishika barabara ya Malindi. Na taa za mbele ziteremshe kidogo, zitawaumiza wenzio macho.