Jaribu siagi ikiwa bado ya baridi

Jamani, ukitaka kujua ng'ombe alikuwa anakula majani mabichi au alilishwa ndani, toa siagi kwenye friji uipake kwenye mkate hapohapo. Ikipakika kirahisi na ni ya njano iliyokolea, kuna uwezekano mkubwa alikuwa malishoni, maana majani mabichi yana omega-3 (aina ya mafuta laini) na karotini, karotini ndo inaleta unjano na malisho hayo yanaongeza mafuta laini kwenye maziwa, ndo maana maziwa ya milima ya Alps kule Ulaya, ng'ombe wakipanda huko majira ya joto yana omega-3 nyingi kuliko ya zizini. Ng'ombe wa nafaka na majani makavu siagi yake mara nyingi ni nyeupe na inamegekamegeka. Ila rangi peke yake usiiamini kabisa! Ng'ombe wa aina ya Jersey na Guernsey hutoa siagi ya njano zaidi hata wakila sawa na wengine, na viwanda vingine vinaweka rangi. Na ulaini nao unadanganya kama ng'ombe kapewa mbegu za kitani au siagi imechanganywa mafuta ya mimea, hapo soma viambato kwanza.