Uko Dodoma na unataka kuwa dereva wa mbio: anza hivi

Wengi wanaoota mbio za pikapu za NASCAR, shirika la mbio za magari la Marekani, hudhani kinachowakwamisha ni kukosa gari. Pikapu inayokimbia Daytona, kiwanja kikubwa cha mbio huko Marekani, haina undugu na Hilux iliyoegeshwa Kizota. Ni fremu ya mabomba ya chuma iliyovikwa bodi, ina injini ya V8 na giaboksi ya mkono, na imejengwa kwa kazi moja tu: kuzunguka kiwanja cha lami ikikata kushoto. Hata matairi yake ya kulia yana mzingo mkubwa kidogo kuliko ya kushoto, ili gari lenyewe livute kuelekea kona. Kiwanja cha namna hiyo Tanzania hakipo. Kilichopo ni mbio za barabara za vumbi (rali), zinazokatwa vipande vya kupimwa muda viitwavyo hatua, na hiyo ndiyo ngazi unayoweza kuanza kuipanda ukiwa Dodoma.

Mwaka wa kwanza kazi yako ni moja, kufika mwisho. Gari likifia hatua ya pili, umelipa ada ya hatua zote na umejifunza hatua moja. Karibu kila kinachofuata hapa kinatokana na hilo.

Kiti cha kushoto kwanza

Anza kama msoma ramani, yule anayekaa kando ya dereva na kumsomea barabara iliyo mbele. Gari, matairi na mafuta ni vya mtu mwingine. Wewe unahitaji kofia, ovaroli na leseni ya mashindano. Pia utajifunza kitu ambacho madereva wengi wapya hawana: kuigeuza barabara kuwa maneno.

Tumia namba 1 hadi 6. Namba 1 ni kona inayokulazimisha karibu usimame, 6 ni ile unayoipita bila kuachia mafuta. Andika upande, namba, tabia ya kona, kisha umbali wa mita hadi kona inayofuata: "kulia 4 ndefu inabana 3, 80, kushoto 2 usikate jiwe ndani, 120, kilima kipofu shika kushoto". Njia ipite mara mbili. Mara ya kwanza dereva anasema na wewe unaandika kwa penseli. Mara ya pili wewe unasoma na yeye anasahihisha. Weka mistari minne au mitano tu kwa ukurasa, herufi kubwa, maana gari litaruka na macho yako pia yataruka.

Makosa yanayorudiwa ni mawili. La kwanza ni kusoma kona ambayo tayari inaonekana. Dereva anatakiwa awe na kona moja mbele ya ile anayoikata, kwa hiyo soma ukiwa katikati ya iliyotangulia. La pili ni kuamini daftari la zamani. Dodoma mvua huanza karibu na Desemba, na mvua moja kubwa inatosha korongo kuhama ukingo na mchanga kujaa mahali palipokuwa pagumu. Maandishi ya Novemba ukiyatumia Januari yatakupeleka korongoni.

Mazoezi yafanyie barabara za vijijini za Hombolo, Bahi au Mpwapwa, kwa mwendo halali. Penye makazi ni kilomita 50 kwa saa. Usikivu haujengwi na kasi. Kushindana kwenye barabara ya umma ni kosa, na kuna ubaya wa ziada: gari la mbio hupita barabara za kawaida kati ya hatua moja na nyingine, hivyo leseni yako ya udereva ikifungiwa, na mbio zimefungwa.

Gari: mwili kabla ya injini

Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution ni magari mazuri na ni shimo la fedha. Kwa gari la kwanza chukua dogo la kuvuta kwa matairi ya mbele, lisilo na turbo, ambalo vipuri vyake hukosi mjini. Ni kweli Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hupokonya injini isiyo na turbo takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu. Kubali. Nguvu hiyo usingejua pa kuipeleka mwaka huu.

Fedha ya kwanza iende kwenye kizimba cha chuma kinachozuia paa lisikuangukie. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka bomba lisilo na mshono, lililovutwa baridi, lenye uwezo wa kuhimili mvuto wa angalau 350 N/mm². Tao kuu nyuma ya viti liwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5 (au 50 kwa 2), na mabomba mengine 38 kwa 2.5 (au 40 kwa 2). Fundi akikuambia bomba la maji linatosha, tafuta fundi mwingine: limeviringishwa na kuunganishwa kwa mshono, na gari likipinduka linaweza kupasuka pale pale kwenye mshono. Kila mguu wa kizimba ukae juu ya bamba la angalau milimita 3, lenye eneo la sentimita za mraba 120, kwa bolti tatu au zaidi za M8 daraja la 8.8. Bila bamba, mguu hutoboa sakafu kama kisigino kwenye tope.

Kagua uchomeleaji kwa kidole, si kwa macho. Sehemu inayofichwa ni ya juu, kati ya bomba na paa, ambako tochi haifiki kirahisi. Fundi mzuri hutoboa sakafu, akashusha kizimba kizima, akachomelea juu, kisha akakipandisha. Anayeacha robo ya mzunguko bila kuchomelea hukuambia haionekani. Haionekani kweli.

Mikanda iwe ya pointi sita. Soma lebo: ya kiwango cha FIA cha 8853-2016 huisha muda miaka kumi tangu itengenezwe, na kiti cha kiwango cha 8855-1999 ni miaka mitano. Mkanda wa mtumba uliowahi kushika mtu kwenye ajali ni kamba tu, nyuzi zake zimeshavutika. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga, chini kabisa, kwani ukipanda tumboni ndio unaokata viungo vya ndani. Kofia ya bodaboda haifai hata kwa mazoezi ya siku moja: bitana yake haikutengenezwa kwa moto, wala haina sehemu ya kushikia kifaa cha kulinda shingo. Nguo za ndani za nailoni nazo acha nyumbani, huyeyukia kwenye ngozi.

Baada ya hapo ndipo shokapu, bushi na boljointi mpya, kisha bamba la alumini la milimita 6 chini ya injini. Acha tundu la kumwagia oili, la sivyo kila sevisi utashusha bamba zima. Mafuta ya breki badilisha kila mashindano. DOT 4 mpya huchemka si chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hata kufikia 155, na hapo pedali inazama katikati ya mteremko. Nati za matairi kaza kwa spana ya kipimo, kwa gari dogo kati ya 90 na 110 Nm, halafu zirudie baada ya kilomita 20. Rangi iliyo kati ya rimu na habu hubanwa ikaisha, nati ikalegea yenyewe bila mtu kuigusa.

Vumbi na joto

Asubuhi tulivu vumbi la gari lililotangulia linaning'inia hadi wewe uingie ndani yake. Kuwasha taa kubwa kunakurudishia mwanga usoni. Punguza, sikiliza daftari, usikate kona yoyote kwa ndani, maana mawe na visiki hukaa huko. Upepo wa hapa mara nyingi hutoka mashariki au kusini-mashariki, kwa hiyo unapoandika njia weka alama sehemu ambazo upepo unavuka barabara: hapo vumbi huondoka mapema na ndipo pa kukanyaga.

Kichujio cha hewa kifungue kila kituo cha matengenezo. Pulizia kutoka ndani kwenda nje, shinikizo lisizidi baa 2. Ukipuliza kutoka nje unasukuma mchanga ndani ya karatasi, na huo mchanga utakutana nao tena kwenye ringi za pistoni.

Madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi, ovaroli ina tabaka mbili au tatu, injini iko mbele ya miguu. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto, kwa hiyo fanya mazoezi ya mbio za miguu mchana, si alfajiri peke yake. Jipime uzito kabla na baada. Kila kilo iliyopotea ni karibu lita moja ya maji. Kwa kila kilo rudisha lita moja na nusu taratibu, yenye chumvi kidogo. Dereva aliyekaukiwa hajui kwamba amekaukiwa. Anaanza tu kuchelewa kushika breki.

Karatasi na fedha

Leseni ya mashindano hutolewa kupitia AAT, chama cha magari cha Tanzania na mwanachama wa FIA hapa nchini. Kwa wadhamini, anza na wenye duka la vipuri, wasindika alizeti na wauza mvinyo wa zabibu kabla ya kampuni kubwa. Theluthi ya bajeti ibaki kwa ajili ya wiki inayofuata mbio, wakati gari linapofunguliwa na ukweli kuonekana.

Na Marekani?

Kuna mlango mmoja usiohitaji visa. William Byron, dereva wa NASCAR, alianza kwenye kompyuta, kwa programu ya kuigiza mbio ya iRacing, na mwaka 2016 akiwa mgeni katika mbio za pikapu alishinda mara saba. Nunua pedali yenye kupima nguvu ya mguu kabla ya usukani wa bei, kwa sababu mguu ndio unaojifunza breki. Anza na viwanja vifupi kama Martinsville, chenye mzunguko wa mita zisizofika 850, na chagua seva ya Ulaya badala ya Marekani ikiwezekana, ili ucheleweshaji wa intaneti upungue. Kwa pikapu halisi NASCAR hukubali dereva wa miaka 16 kwenye viwanja vifupi, na 18 kwenye vikubwa kama Daytona. Mwaka 2004 ilianzisha mpango wa kukuza madereva wa jamii zilizokosa nafasi. Dereva Bubba Wallace alipitia huko, na mwaka 2013 alishinda Martinsville akiendesha pikapu. Ukiwaandikia, ambatisha video ya hatua nzima kutoka ndani ya gari, bila kukatwa wala muziki, sauti ya msoma ramani ikisikika.