Chozi uani kwako: maua kwanza, kikopo baadaye

Ninauza miche Tengeru, nje kidogo ya Arusha. Karibu kila wiki mteja hunionyesha video kwenye simu yake: ndege mdogo anaelea hewani mbele ya chupa nyekundu, anakunywa. Kisha huniuliza, "Dada, huyu nitampataje nyumbani kwangu?"

Huyo ni kolibri, na kolibri wanaishi Amerika peke yake. Hapa kwetu hayupo. Tuliye naye ni ndege aitwaye chozi, naye anastahili kuangaliwa kwa macho yale yale. Hawa wawili si ndugu. Wamefanana kwa sababu wanafanya kazi moja, kunywa utamu ulio ndani ya ua. Tofauti yao kubwa utaihitaji katika mwongozo huu wote: kolibri hunywa akielea, lakini chozi hupenda kutua. Anaweza kuelea sekunde chache, ila mlo wake wa kweli anaula ameshika kijiti. Wengi hununua chupa za kolibri zisizo na mahali pa kutua, wakazitundika, wakasubiri miezi, kisha wakasema uani kwao hakuna ndege.

Hatua ya 1: Tazama kwanza

Kabla hujanunua chochote, kaa nje asubuhi tatu na kikombe chako cha chai, kati ya saa moja na saa tatu. Angalia ua la mgomba, mpapai dume, mlonge na haibiskasi ya jirani. Chozi dume utamjua mara moja. Huku kwetu kuna mwenye mgongo wa bluu-kijani na tumbo la njano. Kuna mweusi mwenye kifua chekundu kama pilipili iliyoiva. Na kuna yule wa mkia mrefu ambaye kivulini utasema ni mweusi tu, akigeuka juani anakuwa rangi ya shaba. Majike wengi wana rangi ya kahawia au kijani kilichofifia, na watu huwapita bila kuwaona. Mdomo mwembamba uliopinda kuelekea chini ndio alama yako.

Andika anatokea upande gani na anatua wapi. Hapo ndipo utakapopanda.

Hatua ya 2: Panda, tena panda kwa wingi

Kama una nguvu ya kufanya hatua moja tu katika hizi, fanya hii. Maji ya sukari utakayoweka kwenye kikopo (hatua ya 4 na ya 5) ni kionjo. Maua ndiyo chakula, kwa sababu yanaleta pia wadudu, na chozi hawezi kulea makinda kwa sukari. Makinda hulishwa wadudu laini na buibui.

Mche mmoja hautoshi. Mwaka 1975 watafiti Frank Gill na Larry Wolf walichapisha utafiti wao kuhusu chozi mwenye mabawa ya dhahabu katika nyanda za juu za Kenya. Waliona kila ndege akilinda eneo lake la Leonotis, mmea wa maua ya chungwa, na ingawa maeneo yalitofautiana sana kwa ukubwa, idadi ya maua ndani yake ilikuwa karibu ile ile: kama 1,600. Hiyo ndiyo hesabu ya chakula cha ndege mmoja. Wewe huhitaji kufika huko, kwa sababu ndege wako atazunguka na kwa majirani, lakini panda kwa makundi. Miche mitano ya aina moja mahali pamoja ina maana zaidi kuliko aina tano zilizotawanyika.

Ninayowapa wateja wangu ni hii:

Mshubiri wa kwetu, hasa Aloe secundiflora, unaoota wenyewe kwenye nyika za Kaskazini. Unavumilia ukame, na hutoa maua yake wakati bustani nyingine zimekauka. Tenganisha miche kwa futi mbili, na usiuweke panapotuama maji; utaoza shina kabla masika hayajaisha.

Leonotis, wenye maua ya chungwa yaliyojipanga kwenye bua kama mipira yenye miiba. Kusanya mipira iliyokauka, ikung'ute juu ya gazeti (vaa glavu, inachoma), kisha mwaga mbegu mvua zinapoanza. Ua lake ni mrija uliopinda, na mdomo wa chozi unaingia humo kama ufunguo. Akiinama kunywa, chavua inampaka kichwani, naye anaipeleka ua la pili.

Tekoma ya maua ya chungwa kwa ajili ya ua wa nyumba. Kata vipandikizi vya urefu wa kalamu, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu chini ya kivuli, na usiviguse kwa wiki kadhaa.

Mwenye eneo kubwa apande Erythrina, ule mti wa maua mekundu unaochanua ukiwa hauna majani. Na mwenye migomba asiharakishe kukata ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, maana chozi wanalipenda mno. Isipokuwa kama eneo lako lina ugonjwa wa mnyauko: hapo likate, kwa sababu wadudu wanaolitembelea hueneza ugonjwa.

Lantana nimeacha kuiuza, ingawa naulizwa kila siku. Inavamia mashamba na malisho, na kuing'oa ni kazi ya miaka.

Hatua ya 3: Ondoa sumu

Miaka minne iliyopita jike alijenga kiota kwenye bogonvilia, hatua sita kutoka mlango wa jikoni kwangu. Nilikuwa nahesabu safari zake za kulisha. Uwanja wa jirani ukapigwa dawa ya wadudu asubuhi yenye upepo. Siku ya pili jike alikuja mara chache, siku ya tatu hakuja. Makinda mawili niliyazika chini ya bogonvilia ile ile. Siwezi kuthibitisha kilichowaua, lakini tangu siku hiyo sipigi dawa kwenye kitu chochote kinachochanua, nami huwaomba majirani waniambie siku moja kabla.

Vidukari vikizidi, vipige kwa maji ya bomba kwa nguvu, au futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kisha suuza. Utando wa buibui chini ya paa usiufagie wote. Jike anauhitaji kushikiza kiota chake.

Hatua ya 4: Tengeneza kikopo

Nimejaribu chupa za kupindua. Jua likipiga, hewa iliyo ndani hutanuka na kusukuma maji nje, na chini kunakuwa na tope la sukari na jeshi la sisimizi. Nimebaki na kikopo kifupi kinachokaa wima.

Chukua kikopo cha plastiki chenye mfuniko wa kuzungusha, kimo kama sentimeta nne, kisiwe kimewahi kubeba dawa wala rangi. Mfuniko mwekundu ni bora. Kama si mwekundu, paka rangi ya kucha upande wa juu tu, uache ukauke siku mbili. Pasha msumari mwembamba moto, toboa mashimo manne ya milimita tatu, kisha lainisha kingo kwa msasa. Usiyapanue. Shimo dogo linamzuia nyuki kuingia, ila mdomo wa chozi unapita.

Sasa kijiti. Zungusha waya mnene kwenye kikopo, uuache utokeze nje sentimeta nne hivi, chini kidogo ya mfuniko, ili ndege akitua mdomo wake ulifikie shimo bila kujinyoosha. Hapa ndipo vikopo vingi hushindwa. Akitua akakuta shimo liko mbali, hatajaribu mara ya tatu.

Ning'iniza kikopo kwa waya uliopita katikati ya kifuniko cha chupa ya soda kilichogeuzwa mdomo juu, ziba tundu kwa nta ya mshumaa, kisha jaza kifuniko hicho maji. Sisimizi hawataivuka hiyo bahari ndogo. Usipake mafuta wala grisi kwenye waya. Yakishika manyoya ya ndege, hayatoki.

Hatua ya 5: Changanya

Robo kikombe cha sukari nyeupe kwa kikombe kimoja cha maji. Chemsha maji, epua, koroga sukari iyeyuke, acha yapoe kabisa. Basi.

Usitumie asali, ikichanganywa na maji huchacha upesi na kuota ukungu. Sukari guru na sukari ya kahawia zina masalia ya molasi na madini ya chuma ambayo ndege hawa hawayahitaji. Sukari za bandia hazimpi nguvu yoyote, na ndege wa gramu chache hana akiba ya kudanganywa nayo. Rangi ya chakula haina kazi: wekundu uwe kwenye mfuniko.

Jaza hadi maji yabaki sentimeta moja chini ya mfuniko. Ulimi wa chozi ni mrija, unafika. Wa nyuki haufiki. Yaliyobaki weka kwenye friji, yatumie ndani ya wiki moja.

Tundika penye kivuli chepesi, karibu na maua anayoyazoea, kwa urefu ambao paka hawezi kuruka. Madume hugombana, kwa hiyo ukiweka kikopo cha pili, kiweke upande mwingine wa nyumba, ambako mwenye kikopo cha kwanza hakioni.

Hatua ya 6: Osha

Arusha ninabadilisha maji kila baada ya siku mbili, na kipindi cha joto kila siku. Ukiwa Dar, Tanga au Mombasa, kila siku bila kukosa. Maji yakiwa na ukungu mweupe au harufu ya pombe, umeshachelewa.

Kikopo kitupu tia kiganja cha mchele mbichi, maji ya moto na siki kidogo, funga, ziba mashimo kwa vidole, kisha tikisa kwa nguvu. Mchele unasugua kona ambazo brashi haifiki. Mashimo yapitishie njiti. Suuza mara tatu, acha kikauke. Kama unajijua huna nafasi ya kazi hii, usitundike kikopo. Maua yako yanatosha, na kikopo kichafu kinaua.

Maji ya kuoga ni rahisi zaidi. Chozi wengi huoga kwa kujisugua kwenye majani yaliyolowa, kwa hiyo rushia maji migomba na vichaka asubuhi, kisha simama mbali.

Hatua ya 7: Akishazoea

Subiri wiki mbili au tatu kabla ya kukata tamaa. Kiota kikitokea, utakiona kama takataka zilizonasa: kifuko kirefu kinachoning'inia, kimefumwa kwa nyasi, majani makavu na utando, na juu ya mlango kuna kibaraza kidogo cha kukinga mvua. Huwa kwenye waya, kamba au tawi karibu na nyumba. Jike hujenga peke yake. Mayai kwa kawaida ni mawili. Kuatamia huchukua karibu wiki mbili, na makinda hukaa kiotani wiki mbili nyingine au zaidi. Usipogoe kichaka hicho, usikimulike kwa tochi, na nguo zako anika kwingine.

Dume naye wakati huo hupigana na kivuli chake kwenye vioo. Nimemwona mmoja akigonga kioo cha pembeni cha pikipiki kuanzia saa moja hadi saa nne, akajichosha hadi akakaa chini mdomo wazi. Vika vioo vya gari na pikipiki soksi au mfuko. Kioo cha dirisha kipake sabuni upande wa nje.

Akigonga dirisha akaanguka, mweke kwenye boksi lenye matundu, na kipande cha khanga chini, gizani, penye utulivu. Usimtilie maji mdomoni. Baada ya nusu saa toa boksi nje, karibu na kichaka, funua, kisha rudi nyuma hatua kumi.