Kabla hujatia saini utafiti wa maumivu ya kichwa

Mkono ukivunjika, picha inaonesha. Malaria ina kipimo cha tone la damu. Kipandauso, yale maumivu makali ya kichwa yanayomrudia mtu mara kwa mara, hakina. Hakuna mashine, si hospitali ya Mnazi Mmoja Unguja, si ya Chake Chake Pemba, si London, itakayomuonesha mtafiti jinsi kichwa chako kilivyogonga Jumanne usiku. Alichonacho ni maneno yako tu. Basi ukifuatwa kliniki ukaombwa uingie kwenye utafiti, matayarisho makubwa ni yako wewe.

Tafuta daftari, hata la skuli, uandike kwa wiki nne: kichwa kimeanza saa ngapi, kimetulia saa ngapi, upande mmoja au chote, kinagonga au kinabana, umetapika, mwanga na kelele vimekukera, umemeza nini na vidonge vingapi. Nasema wiki nne kwa sababu tafiti nyingi za dawa za kuzuia kipandauso huanza kwa kuhesabu siku za maumivu muda kama huo, kabla mtu hajapewa kitu. Saa nazo zina maana yake. Kwa vigezo vya kimataifa, kipandauso kisichotanguliwa na vimulimuli machoni hudumu saa 4 hadi 72 kisipotibiwa, na huhesabiwa kuwa ndicho baada ya kumpata mtu angalau mara 5. Mama yangu alikuwa akijifunga leso kichwani na kujifungia chumbani gizani, akiulizwa, "kichwa tu." Hilo "tu" halimfai mtafiti.

Vidonge ndipo wengi tunapodanganya, pengine bila kukusudia. Panadoli tunainunua dukani pamoja na sukari, nani anahesabu? Lakini anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, huenda dawa yenyewe ndiyo inayomuumiza kichwa. Ukificha hapo, unaharibu hesabu ya utafiti na unajikosesha tiba. Taja na mitishamba unayokunywa, na kombe pia, yale maji ya aya za Kurani, usione haya. Pumu itaje mwanzo kabisa: propranolol, moja ya dawa kongwe za kuzuia kipandauso, haimfai mwenye pumu. Mimba vilevile, hata kama bado ni nia tu.

Halafu tazama kalenda. Ratiba ikiingia Ramadhani, uliza mapema watafanyaje. Njaa, kiu na usingizi wa kukatikakatika vinaweza kuamsha kichwa. Kahawa ndiyo usiseme: mnywaji wa kila siku wa barazani akiiacha ghafla, kichwa kinaweza kumuanza kabla hazijatimia saa 24. Ukihesabu siku zako Shaabani kisha ukaanzishiwa dawa Ramadhani, dawa inaweza kulaumiwa kwa kosa la kikombe.

Linalowaudhi watu zaidi ni maswali ya moyo. Utaulizwa kama wiki mbili zilizopita umekosa hamu ya mambo, umekosa usingizi, umejiona hufai. Dodoso moja linalotumika sana lina maswali 9, na la mwisho linauliza kama umewaza ni bora ufe au ujidhuru. Mtu hapo hununa: "Nimekuja na kichwa, mnanipeleka Kidongo Chekundu?" Hapana, hakuna anayekupeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Sonona (huzuni nzito isiyoondoka), wasiwasi na kipandauso huandamana, na mwenye kimoja yuko karibu zaidi na kupata chengine. Wewe uliza lako: nikijibu ndiyo swali la 9, nani ataambiwa, na nani atanihudumia leo leo? Kama hawana jibu, mimi nisingetia saini. Na maswali hayo yasiulizwe mbele ya shemeji aliyekusindikiza. Pemba hii sote tunajuana.

Fomu ya ridhaa ichukue uende nayo nyumbani. Asiyejua kusoma asomewe na mtu anayemwamini, asiwe mtafiti peke yake. Uliza kama kamati ya maadili ya utafiti wa afya Zanzibar imeupitisha utafiti huo, na uombe kuiona barua. Uliza pia kama kuna kura, yaani baadhi ya watu watapewa plasebo, kidonge kisicho na dawa ndani, bila wao wala dokta kujua nani kapata kipi. Kutoka katikati ni haki yako na tiba yako ya kawaida haikatwi; Azimio la Helsinki la madaktari wa dunia, lililoanza mwaka 1964, linasema hivyo, si hisani ya mtu.

Kwa tuliopo Pemba kuna la nauli. Kama mahudhurio ni Unguja, nani analipa boti na pa kulala, na kusi likichafua bahari ukakosa siku yako, utahesabiwa umejitoa?

Kuna kichwa kisichongoja daftari. Kikikupiga kwa kishindo kama hujawahi, au kikija na homa na shingo kukakamaa, au mdomo ukapinda na upande wa mwili ukalegea, nenda hospitali usiku huo huo. Mtafiti mtampigia simu kesho.