Kukagua mzinga baridi inapoisha

Kundi la nyuki lililovuka baridi salama linaweza kufa kwa njaa maua yakiwa yameshaanza. Malkia ameanza kutaga, na majana (watoto wa nyuki) hula akiba haraka kuliko mbochi, maji matamu ya maua, unavyoingia. Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, inua mzinga kidogo kwa nyuma. Ukiwa mwepesi kama sanduku tupu, koroga kilo 1 ya sukari katika lita 1 ya maji ya uvuguvugu, uwape jioni, ndani ya mzinga, juu ya fremu (mbao zinazoshika masega). Ukiweka nje unaalika wezi kutoka mizinga mingine. Asali ya dukani usiwape. Inaweza kubeba vimelea vinavyoozesha majana.

Fungua siku tulivu yenye jua, joto likifika nyuzi 15 hivi. Puliza moshi mlangoni mara mbili tatu, ngoja kidogo, kisha anza na fremu ya pembeni. Anayeanza na ya katikati huenda akamponda malkia. Kumtafuta malkia mwenyewe ni kupoteza muda, tafuta mayai yake: geuka jua liwe mgongoni, nuru iingie hadi chini ya vichumba vya masega. Yai moja lililosimama wima katikati ya kila kichumba lina maana malkia alikuwa akitaga ndani ya siku 3 zilizopita. Ukikuta mayai kadhaa katika kichumba kimoja, mengine yamebandikwa ukutani, huenda ni vibarua (nyuki wafanyakazi) wanaotaga na malkia hayupo.

Baada ya hapo rudi kila siku ya 7, maana kichumba cha malkia, anamolelewa malkia mpya, hufunikwa siku ya 8 au ya 9 tangu yai litagwe, na kundi huhama karibu na hapo. Kinaning'inia kama ganda la karanga. Kikiwa kitupu, kiache. Kikiwa na jana linaloogelea kwenye maziwa meupe ya nyuki (chakula chake), kukivunja hakusaidii, watajenga kingine. Gawa kundi: mhamishe malkia na nyuki wake kwenye mzinga mpya, pamoja na fremu 2 za majana na 1 ya asali na chavua. Kwenye mzinga wa zamani bakiza kichumba kimoja cha malkia kilicho kizima. Ukiacha vingi, watahama tena.

Maji yawekwe mapema, sahani pana yenye kokoto za kusimamia, kabla hawajazoea ya jirani. Na mashina makavu ya mwaka jana usiyafyeke hadi joto litulie: ndani yake wamelala nyuki wa mwituni wanaoishi mmojammoja.