Somo: Kutunza seli nyekundu za damu hadi siku 42

Utunzaji huanzia kitandani kwa mchangiaji, kwa sababu mfuko unaopokea mililita 450 za damu huwa tayari na mililita 63 za CPD, yaani kimiminika cha kuzuia damu kuganda, ambacho sitreti yake hushika kalsiamu ili damu isigande. Mfuko utikiswe taratibu tangu tone la kwanza. Ukiachwa umelala, mabonge hujitokeza na damu hiyo haifai tena.

Hatua ya pili ni mashine ya kuzungusha. Seli nyekundu, kwa kuwa ni nzito, hutuama chini, na plasma ya manjano hubaki juu, nayo husukumwa kwenye mfuko wa pembeni. Hapo ndipo SAGM, kimiminika cha kutunzia seli, mililita 100, hufunguliwa iteremke: glukosi ni chakula cha seli, adenini huzisaidia kujitengenezea nishati, na manitoli huzuia zisipasuke. Damu nzima iliyo katika CPDA-1, yaani CPD iliyoongezwa adenini, huishia siku 35. Seli hizi za SAGM hufika 42.

Hatua ya tatu ni jokofu la nyuzi 2 hadi 6 za Selsiasi. Seli zikigeuka barafu bila kinga, barafu hiyo huzipasua. Wanaohifadhi makundi adimu ya damu huzitia gliseroli kwanza, ndiyo kinga yake, kisha huzigandisha kwenye nyuzi 65 chini ya sifuri au baridi zaidi, hata miaka 10, ila lazima zioshwe kabla ya kutiwa mgonjwa. (Soda za watumishi, ambazo nimewahi kuzikuta humo, zitafutiwe jokofu lake.)

Swali: Shikamoo mwalimu. Umeme ukikatika saa mbili nzima, damu tuimwage?

Jibu: Marahaba. Soma kipimajoto kabla ya kutazama saa. Mlango usifunguliwe ovyo, na joto likikaribia nyuzi 6, hamishia damu kwenye jokofu jingine.

Swali: Je, damu ya siku 40 ni dhaifu kuliko ya siku 5?

Jibu: Hubadilika, kwani potasiamu huvuja kutoka kwenye seli, na ndiyo maana mtoto mchanga anayebadilishiwa damu huchaguliwa iliyo mpya. Kwa watu wazima, majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2015 na 2016 hayakuonyesha kwamba damu mpya hupunguza vifo.

Swali: Wodi ikirudisha mfuko ambao haukutumika?

Jibu: Uliokaa nje ya baridi zaidi ya dakika 30 haurudi kwenye akiba, hata kama tarehe yake bado.